Tabaka za Ulimwengu katika Utendi wa Mwindo

Kila jamii huugawa ulimwengu kwa namna yake. Visasili vya Skandinavia ya kale, vilivyoandikwa Aisilandi katika karne ya 13, hutaja malimwengu tisa yanayoshikanishwa na mti mmoja, Yggdrasil. Wanyanga, wakaao katika misitu ya Walikale, magharibi ya Goma, nao wana mpango wao. Mpango huo unadhihirika katika utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Shekarisi Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969.

Tabaka ni nne. Juu kuna butu, yaani mbingu. Chini yake mwanyamwanya, yaani hewa. Kisha oto, dunia ya watu na wanyama. Na chini kabisa kwirunga, kuzimu, yaliko makao ya miungu, akiwemo Nyamurairi, mungu wa moto. Jina kwirunga linahusiana na kirunga, mlima wa moto, neno tulionalo pia katika jina Virunga. Katika nchi iliyoshuhudia lava ya Nyiragongo mwaka 1977, 2002 na 2021, si ajabu kwamba moto una mwenyewe chini ya ardhi.

Je, tabaka hizo huunganishwa na nini? Mwami Shemwindo wa Tubondo, aliyetaka kumwua mwanawe, anaposhindwa hung'oa mmea uitwao kikoka na kushuka kuzimu. Mwindo humfuata akiwa na kamba, ambayo ncha yake moja imebaki mkononi mwa shangazi yake, Iyangura. Mkanda wa Muisa, mwenyeji wa huko chini, unapomwangusha Mwindo, kamba hutulia, na shangazi hutambua kwamba mpwawe amepatwa na maafa. Kwa hiyo, kazi ifanywayo na mti kule Skandinavia, hapa hufanywa na ujamaa.

Safari ya pili ni ya kupanda. Mwindo anapoliua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani Radi, Nkuba humpandisha mbinguni kwa mwaka mzima. Huko, shujaa aliyejisifu mno hana mamlaka: huteswa na Mvua na Jua, hukatazwa kuwaua wanyama, na hurudi Tubondo kuwapa watu wake sheria. Visasili vya Skandinavia huishia katika vita vinavyowaangamiza miungu wengi. Utendi huu huishia katika utawala uliojua mipaka yake. Mpango wa tabaka, basi, ni funzo kwa mwami kabla ya kuwa ramani.

Kiswahili nacho kina neno kuzimu, lililo na mzizi mmoja na mzimu, kama Kinyarwanda kilivyo na ikuzimu na umuzimu. Lakini neno hilo huelekeza kwa wafu, ilhali kwirunga huelekeza kwenye moto. Kulinganisha majina ya tabaka hizi katika lugha nyingine za Kivu ni kazi inayowafaa wanafunzi wa isimu.