Je, Wajua? Umri wa Goti Bandia la Nusu

Mgonjwa wa baridi yabisi ambaye gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa, imelika upande mmoja tu wa goti, anaweza kuwekewa kipandikizi upande huo pekee, na sehemu nzima zikaachwa zilivyo. Katika aina moja ya kipandikizi, plastiki ngumu hukazwa juu ya bamba la chuma kwenye mfupa wa muundi. Katika nyingine, iliyobuniwa Oxford, Uingereza, na John Goodfellow na John O'Connor, plastiki hiyo huteleza kati ya vyuma viwili, hivyo hulika polepole, ingawa huweza kuchomoka mahali pake. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti ya nusu yapatayo asilimia 70 hudumu miaka 25, ilhali magoti bandia kamili, yanayochukua nafasi ya goti zima, hufikia asilimia 82. Hata hivyo, takwimu hizo huhesabu upasuaji wa marudio, na goti la nusu hurudiwa kwa wepesi zaidi linapouma, kwa hiyo pengo hilo halitokani na udhaifu wa kifaa peke yake.