Tarakimu Sita za Siri

Mkulima wa Bulyaga, katika mji wa Tukuyu, ambaye zamani alingoja siku ya soko ili ajue bei ya parachichi, leo huisoma katika kundi la WhatsApp kabla jua halijauondoa ukungu wa Mlima Rungwe. Na kikundi chake cha kuweka na kukopa, na kamati ya msiba, na jamaa zake walioko Mbeya na Dar es Salaam, wote hukutana naye mumo humo. Kwa hiyo akaunti yake imekuwa amana ya watu wengi, na anayeiteka huteka pamoja nayo imani ambayo mtu huyo aliijenga kwao kwa miaka.

Hatari hii ina historia. Tarehe 4 Oktoba 2005, kijana Mmarekani aitwaye Samy Kamkar aliachia katika mtandao wa MySpace programu ya aina ya mnyoo, yaani inayojizalisha na kupenya yenyewe, ambayo kila aliyefungua ukurasa ulioambukizwa alijikuta amekuwa rafiki wa Samy bila hiari yake, na ukurasa wake ukageuka mtego kwa mwingine. Na kwa muda wa saa 20 hivi akaunti zaidi ya 1,000,000 zilikuwa zimenaswa. Mwaka 2008 ukaja Koobface katika Facebook, nao ulikuwa na hila zaidi: rafiki humpelekea rafiki ujumbe wa kumwalika atazame video, na video haifunguki mpaka apakue kwanza programu fulani, kumbe programu hiyo ndiyo mnyoo wenyewe. Upenyo wa Samy wenye mtandao waliuziba. Ule wa Koobface ungali wazi hata leo, maana unapita katika imani ya mtu kwa rafiki yake.

Wala wakubwa hawakusalimika. Tarehe 15 Julai 2020 akaunti za Barack Obama na Bill Gates katika Twitter ziliangukia mikononi mwa walaghai, baada ya wafanyakazi wa kampuni hiyo kudanganywa kwa simu. Na Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi la Tanzania katika mtandao huo, ambao sasa huitwa X, iliingiliwa na kutangaza uzushi.

Huku kwetu ghiliba huanza kwa upole. "Shikamoo mama," huandika mtu mwenye jina na picha ya mwana kikundi, "kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako kwa makosa, naomba unitumie haraka." Zile tarakimu sita hazikuingia kwa makosa hata kidogo. Mwizi ameiandika namba ya mama huyo katika simu yake mwenyewe, na WhatsApp, ili ihakikishe mwenye namba, imempelekea mama ufunguo. Akiutoa, akaunti imekwenda, na jioni hiyo hiyo kundi zima litaombwa fedha kwa jina lake, kwa kisa cha mgonjwa aliyezidiwa, na maneno yale tunayoyajua: hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja tofauti. Tarakimu hizo hapewi mtu yeyote, awe mtoto, mchungaji au anayejidai mhudumu wa kampuni ya simu.

Kinga ya pili imo katika mipangilio ya akaunti, nayo ni uthibitishaji wa hatua mbili: mwenye akaunti hutunga namba nyingine ya siri, isiyokuwa tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo mwizi ataulizwa hata akiwa ameshapata ile ya kwanza. Papo hapo na atazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa, hasa aliyewahi kufungua WhatsApp yake katika kompyuta ya duka la steshenari ili achapishe barua, akaondoka bila kuifunga.

Laini nayo yataka hadhari. Wapo mawakala wa mitaani wasio waaminifu ambao, wakati wa usajili kwa alama za vidole, humwambia mteja, "Kidole hakijasoma, mama, weka tena," na kidole cha pili husajili laini ya mtu mwingine kwa jina la mteja huyo. Anayepiga *106# ataona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Na namba ya tapeli hupelekwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Anayeombwa fedha ampigie mwombaji simu ya kawaida, kwa namba ile anayoijua. Amwamkie kwa Kinyakyusa, amuulize habari za nyumbani, maana laghai aliye mbali aghalabu hukwama hapo.

Ikiwa akaunti imekwisha tekwa, mwenyewe aisakinishe WhatsApp upya na kuingiza tarakimu sita mpya zitakazoletwa kwa namba yake. Mara hiyo mwizi hutolewa nje. Kama mwizi alikwisha weka namba yake ya siri ya hatua mbili, mwenye akaunti atangoja siku 7 ndipo aingie bila hiyo. Linaloniuma ni kwamba wengi, kwa haya ya kudanganywa, hunyamaza saa zile za mwanzo ambazo simu moja kwa mwekahazina wa kikundi ingeokoa akiba za wenzao. Asinyamaze, awapigie viongozi wa makundi yake wamwondoe kwa muda, kisha aende polisi na jumbe zile zikiwa hazijafutwa, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeufanya ulaghai huo kuwa jinai.