Mutoshi: Mtoto anayesema "tulikalaka" tayari anajua sarufi

Mtoto wa Mutoshi, pembezoni mwa mji wa Kolwezi, anapoingia mwaka wa kwanza wa shule ya msingi anakutana na lugha mbili ambazo si za nyumbani kwao. Moja ni Kifaransa, na hilo kila mzazi analijua. Nyingine ni Kiswahili chenyewe.

Nyumbani anasema "batoto banaenda ku masomo". Kitabu kinamwambia "watoto wanaenda shuleni". Nyumbani baba "anatumika" mgodini, yaani anafanya kazi huko. Katika Kiswahili cha vitabu, kinachotumika ni jembe au sufuria, si baba ya mtu. Na "masomo", ambayo kwa watu wa Kolwezi ni shule yenyewe, kitabuni ni yale yanayofundishwa ndani yake. Mtoto anayesahihishwa kila anapofungua kinywa hujifunza upesi kwamba usalama uko katika kunyamaza.

Na mtoto anayenyamaza hapati maneno mapya. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watoto 97 kwa 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Sababu ni nyingi: umaskini, vita, mishahara ya walimu, ukosefu wa vitabu. Lakini lugha iko kati ya zile ambazo shule yenyewe inaweza kuzigusa bila kungojea mtu mwingine.

Sheria haina shida. Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kama lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kama lugha za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa, na hata lugha za mazingira ya mtoto, zitumiwe kufundishia. Vitabu vya kusomea vya Kiswahili vilipatikana pia, kupitia mradi ACCELERE! uliolipiwa na Marekani na Uingereza. Serikali yenyewe imeyumba kwa muda mrefu: 1962 Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza, kisha miaka ya 1970 lugha za taifa zikarudishwa katika madarasa ya mwanzo. Wazazi wa leo ni watoto wa kuyumba huko.

Lakini ni Kiswahili kipi? Kile cha Lualaba na Haut-Katanga kilikomaa katika kambi za wafanyakazi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilileta watu kutoka Kasai, Rwanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, wakakutana na wenyeji kwenye migodi kama Ruwe, ambayo leo ndiyo Mutoshi. Walihitaji lugha moja ya kazi, ya soko na ya ndoa. Kiswahili cha vitabu nacho kina historia yake: mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa usanifu. Hakuna mtu wa Kolwezi aliyeulizwa. Kuita lugha ya kambi "Kiswahili kibovu" ni kusahau kwamba ina kanuni zake, na kwamba mtoto wa miaka sita anazifuata bila kukosea.

Tuchukue mfano wa wakati uliopita. Mtoto husema "jana tulienda soko", lakini "zamani tulikalaka Likasi". Ile "-aka" ya mwisho inaonyesha jambo la zamani, au lililokuwa desturi. Sasa tazama Kifaransa: "hier nous sommes allés au marché", lakini "avant, nous habitions à Likasi". Tofauti ya passé composé na imparfait, ambayo wanafunzi huisumbukia mpaka humanités, kwa sehemu kubwa tayari iko katika kinywa cha mtoto. Mara nyingi mwalimu humwambia tu kwamba "tulikalaka" ni kosa, kisha anaandika ubaoni jedwali la viishio likaririwe.

Mfano mwingine ni upatanisho. "Mutoto mukubwa, batoto bakubwa": neno la pili linafuata la kwanza. Kitabu kinasema "mtoto mkubwa, watoto wakubwa". Kifaransa kinasema "le grand enfant, les grands enfants". Wazo ni lile lile mara tatu, na sentensi hizo zikiandikwa pamoja ubaoni mtoto analiona mwenyewe. Kuna pia mahali ambapo lugha ya nyumbani haisaidii. Kolwezi watu husema "kitabu yangu", kwa hiyo "kitabu changu" lazima ifundishwe kweli. Na kwa kuwa "anapika" haitofautishi mwanamume na mwanamke, mwanafunzi huandika "il prépare" akimzungumzia mama yake. Makosa hayo yana chanzo. Mwalimu anayekijua chanzo anasahihisha mara chache zaidi.

Msamiati nao haukosekani. Watoto wanaouza maji au maandazi barabarani huhesabu franka kwa Kifaransa, kama soko zima linavyofanya. Wanajua maneno ya wachimbaji kabla ya kujua kuyaandika. Shaba na "cuivre" zinaweza kuanza somo la sayansi, la hesabu au la insha.

Hapa Mutoshi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mgodi uko karibu na huwavuta watoto. Kuanzia 2018 mpaka 2020, katika eneo la kampuni ya Chemaf, kulikuwa na mradi wa kupanga uchimbaji wa mikono, wenye uzio na katazo kwa walio chini ya umri. Uzio huzuia kuingia. Haumpi mtoto sababu ya kubaki darasani ikiwa hafahamu kinachosemwa humo. Na akikua, mkataba wa kazi atakaopewa utaandikwa kwa Kifaransa.

Ndiyo maana wazazi wengi wanataka Kifaransa tangu siku ya kwanza, na hoja yao si ya kijinga. Lakini katika mradi wa Ife, Nigeria, ulioanza 1970, watoto waliofundishwa kwa Kiyoruba miaka yote 6 ya msingi walifanya vizuri kuliko wenzao hata katika Kiingereza. Lugha ya nyumbani haikuwachelewesha.

Ugumu uko kwa mwalimu. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za umma, madarasa yamefurika, na kukariri kwa pamoja ndiyo njia rahisi ya kutawala umati. Kuwaweka wanafunzi wawili wawili wasimuliane jambo kwa dakika tano, kisha kuchukua sentensi zao na kuziandika ubaoni, hakuhitaji pesa. Kunahitaji mwalimu aliyewahi kuonyeshwa. Wengi wao wametoka humanités pédagogiques, walikofunzwa kazi yao kwa Kifaransa, na sarufi ya Kiswahili wanachokisema kila siku hawakuwahi kufundishwa na mtu yeyote.