Askari na Frimasoni: Pima Kiapo Kabla ya Kubisha Hodi

Mara kwa mara askari wetu, wa jeshi na wa polisi, hukuta vikaratasi vimebandikwa kwenye nguzo za umeme, au hupokea ujumbe wa simu, vikimwita ajiunge na Frimasoni apate utajiri wa haraka. Namba ya simu imo, ada ya fomu imo, lakini jina la loji halimo. Kwa kuwa mshahara wa askari ni jasho lake, tumeona yafaa leo tueleze chama hicho ni nini, kimekaaje katika Afrika Mashariki, na anayetaka kuingia hupita njia ipi.

Frimasoni maana yake ni waashi huru. Chama hiki kiliazima zana za mwashi kuwa mifano ya mafunzo yake: guni humfundisha mtu unyofu wa matendo, bikari humfundisha kujiwekea mipaka, na pimamaji humkumbusha kuwa binadamu wote ni sawa. Tarehe 24 Juni 1717 loji nne za London ziliungana zikaunda Loji Kuu ya kwanza. Mwaka 1813 Loji Kuu mbili zilizokuwa zikishindana ziliungana, ikazaliwa Loji Kuu ya Muungano ya Uingereza. Makao yake makuu ya sasa, yaliyoko Great Queen Street, London, yalifunguliwa mwaka 1933 kuwa kumbukumbu ya wanachama waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Chini ya Loji Kuu hiyo, loji za ng'ambo hukusanywa katika wilaya, nazo si wilaya za kiserikali. Ya kwetu ni Wilaya ya Afrika Mashariki, iliyoota mizizi enzi za ukoloni wa Kiingereza, na yenye loji katika nchi za Kenya, Uganda na Tanzania. Jengo lake linalojulikana zaidi liko Nairobi, katika barabara ya Nyerere, mahali ambapo kila mpita njia huliona. Zipo pia loji zilizo chini ya Loji Kuu ya Scotland.

Huenda askari akashangaa kusikia kwamba jeshi na Frimasoni ni marafiki wa zamani. Mwaka 1732 Loji Kuu ya Ireland ilikipa kikosi kimoja cha jeshi la Kiingereza, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Royal Scots, hati ya kuendesha loji popote kitakapopelekwa. Tangu hapo loji zikawa zinasafiri na majeshi. Tarehe 6 Machi 1775, huko Boston, Marekani, loji ya namna hiyo iliwaingiza Prince Hall na Waafrika wengine kumi na wanne waliokuwa watu huru. Mwaka 1784 watu hao walipewa hati yao wenyewe kutoka London, na mpaka leo Frimasoni wengi weusi wa Marekani hufuata mkondo unaoitwa kwa jina la Prince Hall.

Je, mtu huingiaje? Sharti la kwanza ni kumwamini Mwenyezi Mungu, na asiyemwamini hapokelewi. Kitabu kitakatifu huwekwa wazi katika kila mkutano, iwe Biblia, Kurani au kingine, kwa kadiri ya dini za waliomo. Mwombaji awe mtu mzima mwenye sifa njema, apendekezwe na mwanachama mmoja na kuungwa mkono na mwingine, ahojiwe, kisha apigiwe kura ya siri. Akikubaliwa hupanda ngazi tatu: mwanagenzi, fundi, na fundi mkuu. Loji hizi ni za wanaume peke yao. Wanawake wana vyama vyao. Mabishano ya dini na siasa ni marufuku mkutanoni, na cheo cha kazini huachwa mlangoni, hata koplo aweza kuongoza loji ambamo meja ni mwanachama wa kawaida.

Ada ipo, na michango ya kusaidia wenye shida ipo. Kwa hiyo Frimasoni wa kweli hutoa fedha, hagawiwi utajiri. Wala loji haitafuti watu kwa ujumbe wa simu. Anayekuahidi mali kwa kukutoza pesa za fomu ni tapeli, na askari anayetapeliwa asione haya kutoa taarifa kituoni.

Sasa tufike kwenye kiini, nacho ni kiapo. Zamani maneno ya kiapo cha Frimasoni yalitaja adhabu za kutisha za mwili, na hapo ndipo uvumi mwingi wa damu ulipopata chakula. Mwaka 1986 Loji Kuu ya Uingereza iliziondoa adhabu hizo katika viapo vyake. Zaidi ya hayo, kanuni zake zinasema kwamba wajibu wa raia kwa sheria ya nchi hutangulia wajibu wake kwa Frimasoni mwenzake, na kwamba kuutumia uanachama kujipatia cheo au upendeleo ni kosa.

Hata hivyo, neno lililoandikwa na tendo la mtu havilingani siku zote. Katika Uingereza kwenyewe, kamati ya Bunge ilichunguza mwaka 1997 uhusiano wa Frimasoni na polisi pamoja na mahakama, na Desemba 2025 polisi wa London waliamriwa kutangaza uanachama wao. Sababu ni nyepesi kueleweka: mwananchi anayeleta mashtaka ana haki ya kujua kwamba mpelelezi hana udugu uliofichika na mshtakiwa.

Dini nazo zimesema. Kanisa Katoliki lilirudia katazo lake mwaka 1983, na Baraza la Fiqhi la Makka lilitoa uamuzi wa kukataza mwaka 1978. Mkatoliki na Mwislamu wayapime hayo kwa dhamiri zao na kwa ushauri wa viongozi wao wa dini.

Ndugu askari, sisi hatumvuti mtu wala hatumsukumi. Twasema tu kwamba wewe umekwisha kula kiapo kimoja, cha kuilinda nchi na watu wake bila kuchagua uso wa mtu. Kabla ya kubisha hodi kwenye mlango wowote wenye kiapo cha pili, soma kanuni za jeshi lako, muulize mkuu wako waziwazi, kisha ujiulize: siku ndugu yangu wa lojini atakaposimama mbele yangu akiwa mtuhumiwa, je, mkono wangu utaandika maelezo yale yale? Kama jibu lako linasitasita, usibishe hodi.