Super Mario Kart: Bei Iko Kwenye Boksi

Swali hili huletwa kwangu kila mara. Mtu ana katriji ya Super Mario Kart ya Super Nintendo, imekaa kabatini tangu utotoni, na amesikia kwamba gemu za zamani zinauzwa kwa fedha za kujengea nyumba. Anataka kujua yake ina thamani gani. Mimi humuuliza kwanza: boksi lake liko wapi?

Gemu yenyewe haina haja ya kutetewa. Ilitoka Japani Agosti 1992, ikafika Marekani mwezi uliofuata, na Ulaya mwanzoni mwa 1993. Walioiongoza kazi hiyo, Tadashi Sugiyama na Hideki Konno, chini ya Shigeru Miyamoto, walitaka mbio ambazo watu wawili wangeshindana mbele ya televisheni moja, jambo ambalo gemu ya mbio ya F-Zero ya 1990 haikuliweza. Ndiyo maana skrini imekatwa juu na chini hata ukicheza peke yako. Ilipendwa mno, ikauzwa nakala zaidi ya milioni 8, na bado kuna watu wanaokutana Ufaransa kushindana kwa katriji zilezile kwenye televisheni za chogo.

Kwa mkusanyaji, milioni 8 ni habari mbaya. Maana yake katriji si adimu wala haijawahi kuwa adimu. Plastiki ya Nintendo ni ngumu, hustahimili kuangushwa na kuazimwa mtaa mzima, kwa hiyo nakala nyingi bado zipo na nyingi bado zinafanya kazi. Isitoshe, asiyetaka usumbufu anaweza kuicheza kwenye Super Nintendo ndogo iliyotolewa 2017, au kwenye Switch kwa kulipia huduma ya mtandaoni ya Nintendo. Anayenunua katriji leo hanunui ruhusa ya kucheza.

Kilichopotea ni karatasi. Boksi la Super Nintendo lilikuwa la kadibodi nyembamba, na mtoto wa miaka 9 akishalifungua kwa pupa halikuwa na kazi tena. Lilichanika, likatupwa, kijitabu cha maelezo kikachorwachorwa. Matokeo yake, huko Marekani katriji tupu huuzwa kwa makumi ya dola, lakini ikiwa na boksi lake, kijitabu na trei ya kadibodi ya ndani, bei huvuka mia bila shida. Chipu ni zilezile na mbio ni zilezile; tofauti yote hiyo imelipwa kwa ajili ya kadibodi iliyonusurika. Na boksi nalo lina daraja. Baadaye Nintendo ilichapa upya gemu zilizouzika sana kwa jina la Player's Choice, na alama hiyo iko wazi mbele ya boksi. Wakusanyaji hutaka toleo la kwanza, lisilo na alama. Pembe zilizobonyea, rangi iliyopauka kwa jua, na gundi ya kibandiko cha bei kilichobanduliwa vibaya, kila kimoja hupunguza fedha.

Juu kabisa ya ngazi kuna nakala ambazo hazijawahi kufunguliwa, zikiwa bado na nailoni ya kiwandani. Hizi hupelekwa kwa kampuni za upimaji kama Wata au VGA, zikapewa alama kisha zikafungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki angavu. Julai 2021, katika mnada wa Heritage Auctions, nakala ya namna hiyo ya Super Mario 64 yenye alama 9.8 iliuzwa dola milioni 1.56. Gemu hiyo nayo iliuzwa zaidi ya nakala milioni 10, kwa hiyo hapakuwa na uhaba wa gemu hata kidogo. Kilicholipiwa kilikuwa nailoni na alama. Wimbi la bei za miaka ile ya korona lilishuka baadaye, na wapo walionunua kileleni ambao hawajarudisha fedha zao.

Mimi sizipendi nakala hizo, na sababu yangu iko ndani ya katriji.

Super Mario Kart huhifadhi muda wako bora wa kila njia, vikombe ulivyoshinda, na haki ya kucheza ngazi ya kasi ya 150cc. Kumbukumbu hiyo hukaa kwenye chipu ndogo ambayo bila umeme husahau kila kitu, kwa hiyo Nintendo waliweka betri ya CR2032, ileile duara unayoiona kwenye ubao mama wa kompyuta. Mwaka 1992 ni zamani. Nyingi zimeishi kuliko ilivyotarajiwa, lakini hakuna itakayoishi milele, na iliyo ndani ya nailoni inakufa sawa na nyingine, tena bila mtu kuweza kuibadilisha pasipo kuharibu kile alicholipia. Hiyo ni gemu ya mbio ambayo mwenye nayo hathubutu kuikimbiza.

Katriji iliyofunguliwa inahudumiwa. Parafujo zake si za kawaida. Zinahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8 ambayo ni rahisi kupatikana mtandaoni. Ukishatenganisha gamba utaona bodi ya kijani yenye jina la Nintendo, na betri pembeni ikiwa imeshikwa kwa vibati viwili. Pima kwa mita: mpya hutoa takriban volti 3, na ikiwa imeshuka kuelekea 2.5 usingoje. Usichome betri yenyewe kwa risasi, maana moto huiharibu na inaweza kupasuka. Nunua iliyokwisha kuwekewa vibati, au mpe fundi wa elektroniki, ni kazi ya dakika chache. Mnunuzi mwenye akili hapunguzi bei kwa sababu ya betri mpya iliyowekwa vizuri. Mimi ningemwongezea muuzaji.

Kufungua kunasaidia pia kutambua feki, ambazo ni nyingi. Gemu hii haitumii programu peke yake. Kwenye bodi kuna kichakataji cha ziada kiitwacho DSP-1, kilekile kilichotumika kwenye gemu ya Pilotwings, kinachosaidia mahesabu ya kuilaza barabara hadi ionekane inakwenda mbali mbele yako, tena mara mbili kwa wachezaji wawili. Jina lake limeandikwa juu ya chipu. Ukikuta tone jeusi la gundi mahali ambapo chipu zingekuwa, au bodi isiyo na jina la Nintendo, hiyo ni feki hata kama lebo ya nje inang'aa. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya bodi, mwache.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni toleo la Japani la Super Famicom (jina la Super Nintendo huko) likiwa na boksi. Wajapani walitunza makasha yao, hivyo nakala kamili hupatikana kwa bei nafuu kuliko ya Marekani, na maandishi ya Kijapani hayazuii mtu kuendesha gari. Angalia tu kwamba umbo la katriji yake haliingii kwenye mashine ya Marekani mpaka vikonyo viwili vya plastiki vikatwe, na mashine ya Ulaya huikataa kwa chipu ya ulinzi. Toleo la Ulaya, kwa upande wake, lilitengenezwa kwa televisheni za hezi 50, na mbio zake ni za taratibu kidogo kuliko zile za hezi 60. Na ukiishi Mombasa au Dar es Salaam, nunua na pakiti za kufyonza unyevu siku hiyohiyo, kwa sababu unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye kadibodi kabla hujajua.