Asali ya Meru: Mzinga Mmoja, Njia Mbili

Ukimtajia mtu wa Pwani jina la Meru, jambo la kwanza limjialo ni miraa. Hapana wa kumlaumu, maana kwa miaka mingi magari ya miraa ndiyo yaliyokuwa mjumbe wa Wameru kwetu, yakiteremka hadi Mombasa na mzigo ungali mbichi. Lakini miraa si fahari yao ya pekee. Wanayo asali, kongwe na yenye heshima kubwa, na katika asali hiyo hutoka mvinyo ambao Muislamu hataunywa, ila habari yake inafaa kusikiwa.

Wala tusiwaone Wameru kuwa ni watu wa mbali. Wazee wao husimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji, ambako walitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, hata wakatoroka na kuvuka maji. Wako wanahistoria walioitafuta Mbwaa hiyo katika visiwa vya Lamu, wakakitaja kisiwa cha Manda. Basi ndugu msomaji, huenda tunazungumza habari za majirani waliohama tu.

Ruiri iko upande wa Meru unaoelekea Isiolo, mahali ambapo ubichi wa mlima unaanza kuwaachia nafasi migunga na vumbi. Nchi kavu ya namna hii, pamoja na ile ya Tharaka upande wa mto Tana, ndiyo nchi ya nyuki. Mvua ni chache, lakini migunga inapochanua, nyuki hupata kazi. Mzinga wa jadi ni gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa juu ya mti. Mrinaji huupanda mti na kijinga cha moshi, akarina, akateremka.

Mizabibu haikuwa mila ya nchi hii. Mvinyo wa zabibu Afrika Mashariki ni mambo ya juzi: Dodoma ulianza na mapadri wa misheni katika miaka ya 1950, na hapa Kenya kampuni ya serikali ya mvinyo, iliyoundwa mwaka 1969, ilijulikana kwa mvinyo wa papai. Kiwanda cha mzee wa Kimeru kilikuwa kibuyu kikubwa kando ya meko.

TUNDA LA MWEGEA

Siri ya kibuyu hicho ni tunda la mwegea, lile tunda refu na zito linaloning'inia kwa kikonyo mfano wa mchi uliofungwa kamba. Wakikuyu, Waembu, Wameru na Wakamba wote wanalijua, na jina lililoenea kwa tunda na kwa pombe yake ni muratina. Likiwa bichi ni sumu. Kwa hiyo hupasuliwa, likaondolewa mbegu, likachemshwa na kuanikwa juani mpaka libaki nyuzi tupu kama dodoki. Kisha hurowekwa katika maji ya asali, likaanikwa tena.

Kazi ya nyuzi hizo ni kuhifadhi chachu. Asali ikichanganywa na maji ya uvuguvugu, au na maji ya miwa kwa asiye na asali ya kutosha, vipande vya muratina hutiwa kibuyuni, na kibuyu huwekwa penye joto. Baada ya siku moja au zaidi, utamu umegeuka ukali. Tunda hutolewa, likakaushwa, likangoja safari nyingine. Na kadiri linavyotumika ndivyo linavyozidi kuwa hodari. Ni kama donge la unga linalobakizwa ili kuumulia mkate wa kesho.

UA ULIOKIZUNGUKA KIBUYU

Lililo kubwa katika mila hii, hata hivyo, ni sheria zake, si ufundi wa kupika. Pombe ya asali haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Kijana hakuwa na ruhusa. Ilikuwa ya wazee, nao waliitumia penye jambo: kupatana baada ya ugomvi, kuwakumbuka waliotangulia kwa kumwaga kidogo chini, au kufunga ahadi ya ndoa. Mzee akijulikana kwa ulevi, neno lake lilipungua uzito barazani. Kwa maneno mengine, kibuyu kilikuwa na ua, na ua huo ulikuwa ni umri, shughuli na haya.

Ua huo umeanguka. Pombe ilipokuwa biashara, mnunuzi hakuulizwa umri wala shughuli. Na penye biashara huja wajanja. Sisi Pwani tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini heri maji! Mwezi wa Mei mwaka 2014 watu wa Embu, Kiambu, Makueni na Kitui walikunywa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo ni spiriti ya viwandani. Walikufa makumi ya watu, na wengine wakapofuka.

Serikali imejaribu kujenga ua wake. Mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria. Mwaka 2010 ikaibadili njia, ikaleta sheria ya kudhibiti vileo vyote kwa leseni, ikiamuru mabaa yasifunguliwe kabla ya saa 11 jioni siku za kazi. Vifo vya Embu vilitokea miaka minne baadaye. Ua wa saa na leseni ni mfupi kuliko ua wa haya.

JAWABU LIMO MZINGANI

Pengine Muislamu atauliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Swali la mvinyo wa asali ni la kale katika dini yetu. Watu wa Yemen, ambako wengi wa wazee wa Pwani wametoka, walikuwa na kinywaji cha asali kiitwacho bit'. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu yake, jawabu lilikuwa kwamba hukumu haitazami jina la kinywaji wala kilichokifanya, bali kulewesha kwake. Na Kurani yenyewe ina sura iitwayo kwa jina la nyuki, inayotaja kwamba katika kinywaji kitokacho matumboni mwao mna ponya kwa watu. Kwa hiyo mzinga ni mmoja, njia ni mbili.

Sasa tazama ajabu ya mila ya Wameru. Katika mahari yao, iitwayo ruracio, vitu vya asili vinavyotajwa ni kondoo jike, kondoo dume, mtamba, fahali na asali. Asali, wala si pombe! Kupikwa kwake kulikuja baadaye, kwa hiari ya wenye nyumba. Ndiyo maana familia zilizoacha ulevi, wakiwemo wafuasi wa Wamethodisti waliofika Meru mwaka 1912, hazikulazimika kuiacha mila. Chombo cha asali kinaletwa, wazee wanakipokea na ndoa inafungwa. Kinywaji cha siku hiyo chaweza kuwa chai au soda, na ahadi isipungue kitu.

Wako wanaolia kwamba ukiondoa kibuyu umeondoa Umeru. Hao wamesahau kilichotangulia. Anayetaka kuhifadhi mila ya nchi ile na ahifadhi migunga inayokatwa kwa makaa, na mizinga iliyo juu yake, na adabu ya wazee waliokuwa wakijua nani apewe na nani anyimwe. Hayo yakiondoka, hata kibuyu kikijaa hakitakuwa na maana. Hayo yakibaki, bwana arusi wa Ruiri, awe wa dini gani, atakuwa na kitu cha kupeleka kwa wakwe zake.