Anzia Chini ya Karatasi ya Kura

Agosti 9, 2023, siku ya kwanza ya masomo mjini Louisville, Kentucky, giza liliingia watoto bado wako njiani. Ratiba mpya ya mabasi ya shule ilikwama kutwa nzima, na watoto wa mwisho walishushwa karibu saa nne usiku. Shule za Kaunti ya Jefferson, ambamo Louisville imo, zikafungwa kwa zaidi ya wiki moja ili usafiri upangwe upya. Aprili 2024, bodi ya shule ikapiga kura kuwaondolea basi wanafunzi wengi wa shule maalumu za kuchagua, ziitwazo magnet na traditional. Kwa mzazi anayetoka zamu ya usiku ghalani, naye hana gari, uamuzi huo uligusa maisha yake kuliko hotuba yoyote iliyotolewa Washington mwaka ule.

Bodi hiyo ina wajumbe 7. Kila mmoja huchaguliwa na wakazi wa eneo lake kwa kipindi cha miaka minne. Lakini majina ya wanaowania viti hivyo hayapo juu ya karatasi ya kura, wanapokaa wakubwa. Yapo chini, pamoja na ya mahakimu, mahali ambapo wapiga kura wengi huwa wameshachoka na kuacha wazi. Ninachowaomba ndugu zangu wanaosoma makala haya ni kwamba safari hii tuanzie huko chini, na tupige kura mapema ili tupate nafasi ya kufanya hivyo kwa utulivu.

Louisville na Lexington ni miji ambayo Kiswahili utakisikia kanisani, msikitini, dukani na kwenye foleni ya hospitali. Wengi wa wazungumzaji wake walitoka Kongo, wakapitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Dzaleka. Sheria ya Marekani humruhusu mkimbizi kuomba uraia baada ya kukaa nchini miaka mitano, kwa hiyo wengi waliofika miaka ya 2015 na 2016 wameshakula kiapo. Wana haki kamili ya kupiga kura. Kinachowakwamisha mara nyingi ni saa za kazi.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne, Novemba 3, 2026. Jumanne ilipangwa kwanza, kwa uchaguzi wa rais, na sheria ya mwaka 1845, enzi za wakulima waliokwenda mjini kwa farasi. Hapa Kentucky vituo vya kura hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Mtu mwenye zamu yenye urefu wa saa 12, na safari ya basi kwenda na kurudi, siku hiyo anaipitisha kazini.

Ndiyo maana kura ya mapema ni yetu kabisa. Tangu sheria ya mwaka 2021, mpiga kura yeyote wa Kentucky anaweza kupiga kura Alhamisi, Ijumaa au Jumamosi kabla ya siku ya uchaguzi, bila kuulizwa sababu. Mwaka huu ni Oktoba 29, 30 na 31. Unakwenda kwenye kituo chochote cha kura ya mapema kilichotangazwa na karani wa kaunti yako, ukiwa na kitambulisho chenye picha. Leseni ya udereva inatosha. Na kama mwajiri anasitasita, sheria ya jimbo inakupa ruhusa isiyopungua saa nne kwenda kupiga kura, mradi umeomba angalau siku moja kabla.

Kabla ya kwenda, tafuta nakala ya mfano ya karatasi ya kura kwenye tovuti ya karani wa kaunti. Kaeni nayo mezani Jumapili jioni, mama, baba na kijana anayesoma Kiingereza vizuri. Shukeni jina kwa jina. Hakimu wa District Court ndiye anayesikiliza kesi za kufukuzwa nyumba. Diwani ndiye unayempigia simu taa za mtaani zikizimika. Andika uliowachagua kwenye kikaratasi, uingie nacho kituoni.

Mzee asiyesoma Kiingereza naye asibaki nyumbani. Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura kinamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, awe mwanawe, jirani au rafiki, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi anasoma na kufuata maagizo ya mzee. Uamuzi unabaki wa mzee.

Usiseme kura moja haina uzito. Mwaka 2017, kwenye jimbo la uchaguzi namba 94 la bunge la Virginia, David Yancey na Shelly Simonds walihesabiwa kura 11,608 kila mmoja. Januari 2018 majina yao yakatiwa kwenye bakuli, likatolewa la Yancey, na chama chake kikabaki na wingi bungeni kwa viti 51 dhidi ya 49. Mtu mmoja tu aliyebaki nyumbani angemaliza ubishi huo.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito. Kama hujawa raia, usijiandikishe wala usipige kura, hata kama karani wa leseni amekupa fomu kwa bahati mbaya. Unaweza kupoteza ukaazi wako na kurudishwa ulikotoka. Lakini mlango wa mikutano uko wazi kwako. Mzazi asiye raia anaweza kujiandikisha kuzungumza mbele ya bodi ya shule, kuomba mkalimani, kumwandikia diwani, na kumpeleka jirani kituoni kwa gari. Na mwenye uraia anaweza kuomba kazi ya usimamizi wa kituo, ambayo hulipwa, ili wazee wetu wakifika wakute uso wanaoujua.

Wengi wetu tunakumbuka Desemba 30, 2018, siku Kongo ilipopiga kura. Tume ya uchaguzi ya Kongo ilikuwa imeahirisha upigaji kura Beni na Butembo hadi Machi 2019, kwa hoja ya Ebola na usalama, wakati rais angekuwa ameshaapishwa. Watu wa Beni walijipanga foleni hata hivyo, wakapiga kura kwenye vituo walivyovitengeneza wenyewe, wakijua hazitahesabiwa. Kura zetu hapa zinahesabiwa.

Mwisho wa kujiandikisha Kentucky ni Jumatatu, Oktoba 5, saa 10 jioni. Kama umehama nyumba, badilisha anwani yako kabla ya hapo. Kisha chagua siku yako kati ya zile tatu, mwambie mwajiri, na umtafute jirani mmoja wa kwenda naye.